HTTP/1.1, HTTP/2 ao HTTP/3: serveri yako hapa Bukavu iongee gani?

Kijana moja wa Kadutu mwenye anatengenezaka saiti za mashule aliniuliza juzi: kaka, niweke HTTP/3 ao niiache kwanza? HTTP njo luga yenye navigateri (Chrome, Firefox) na serveri ya saiti zinaongea, na leo iko na verisio tatu zenye zinatumika: 1.1, 2 na 3. Nilianza kumujibu mu meseji, meseji ikakuwa ndefu, ikaendelea kuwa ndefu, mwisho nikaona hii swali haiko ya ye peke yake. Kila mara verisio mpya ya protokoli ikitoka watu wa informatiki wanagawanyika mafungu mbili, wamoja wanasema mpya njo nzuri weka leo leo, wengine wanasema acheni, ile ya zamani inafanya kazi, na katikati uko weye na serveri yako ya giga moja ya RAM na wazazi wenye wanataka kuona pointi za mtoto ku simu mbele unite iishe. Naandika kwa wenye wamekwama hapo katikati.

Tuelewane kwanza tunapima nini, juu watu wengi wanalinganisha hizi tatu kwa mwendo tu, na mwendo ni sehemu moja. Mi naangalia vitu sita. Mwendo, lakini mwendo kwa rezo mbaya, ile yetu yenye inaanza kupoteza paketi (vile vipande vidogo vya data) mvua ikinyesha, si ile ya laboratware. Uzito, maana prosesa na RAM, juu serveri ya bei ya chini inachoka haraka. Kuangalia ndani: shida ikitokea saa mbili ya usiku, unaweza kuona kwa macho yako fasi imeharibika ao unabahatisha tu? Usalama. Kufikia watu, maana simu za zamani na wifi za ofisi zenye zinafunga kila kitu. Na ya sita yenye watu wanasahauka: nani alishika kalamu, ile kanuni iliandikwa kwa kumaliza shida ya nani.

Kitu moja ya kutuliza roho mbele tuendelee. Mu Juni 2022 IETF, wale wenye wanaandika kanuni za intaneti, walitoa maandishi mapya, yenye yanaitwa RFC, kwa zote tatu kwa mara moja: RFC 9110 kwa maana ya maneno (GET, POST, 404 na ndugu zake), 9112 kwa HTTP/1.1, 9113 kwa HTTP/2, 9114 kwa HTTP/3. Kwa hiyo ile 1.1 haikuzikwa. Maneno ni yale yale, gari yenye inayabeba njo tofauti. Kodi yako ya PHP ao ya Python hauiguse ata mustari moja, unabadilisha paka ile serveri yenye iko mbele.

Gari, ao tuseme mitumbwi, juu sisi ni watu wa ziwa. Fikiria mizigo ya mama wa soko inatoka Goma inakuja Bukavu: mananasi ya Idjwi, viazi, samaki. HTTP/1.1 ni mitumbwi sita midogo, kila moja inabeba muzigo moja, inashusha, inarudi kuchukua ingine. HTTP/2 ni bato moja kubwa, mizigo ya mama wote imechanganywa ndani. HTTP/3 ni bato pia, lakini kila gunia iko na jina ya mwenyewe. Mufano hii itatusaidia mbele kidogo.

HTTP/1.1

Ni ya Januari 1997, ikatengenezwa tena mu 1999 mu RFC 2616 yenye wengi wetu tulijifunzia. Kwa mwendo, koneksio moja inabeba ombi moja kwa wakati, unauliza, unangoja jibu, unauliza ingine. Walijaribu kuruhusu kutuma maombi mingi bila kungoja, wakaiita pipelining, lakini vile vyombo vya katikati ya njia vilikuwa vinaharibu majibu na navigateri zikaiacha. Njo maana navigateri zinafungua koneksio mpaka sita kwa saiti moja. Saiti yako ikiwa na picha ndogo 80, hizo mitumbwi sita zinaenda na kurudi mpaka mtu anachoka. Ikiwa na faili tano, hauone tofauti yoyote na ile mpya.

Na kuko kitu yenye watu hawasemi sana: kwa rezo yenye inapoteza paketi, mitumbwi sita iko na faida. Moja ikizama, tano zinaendelea. Kumbuka hii tukifika ku HTTP/2.

Uzito: ni nyepesi kabisa, ata kile kiordinateri kidogo chenye kinakaa mu mukono kinaihudumia bila taabu.

Kuangalia ndani, hapa acha nikae kidogo, juu hapa njo roho yangu iko. Nilijifunza HTTP mu siba moja ya karibu na Nyawera, hakuna mwalimu, hakuna kitabu. Rafiki alinionyesha telnet, programu ya kuongea na serveri kwa kuandika tu, akaandika `GET / HTTP/1.1`, chini yake `Host:` na jina ya saiti, akapiga Enter mara mbili, na ukurasa ukashuka wote mbele ya macho yangu, maandishi matupu, yenye naweza kusoma. Ile siku nilielewa kwamba intaneti ni mtu anauliza na mwingine anajibu, basi. Hakuna uchawi ndani. Kama ile protokoli ingekuwa ya binary, namba za mashine zenye mtu hasome kwa macho, mi leo nisingekuwa mu hii kazi, nasema kweli. Kwa hiyo mtu akiniambia maandishi matupu ni upotevu wa baiti, namujibu ndiyo, inapoteza baiti, lakini inazaa watu.

Usalama wake si ya kuamini kwa macho imefungwa. Maandishi matupu yanaruhusu kuelewa vibaya: serveri ya mbele inahesabu urefu wa ombi kwa `Content-Length`, ya nyuma inafuata `Transfer-Encoding`, na mwizi anaingiza ombi yake katikati ya hizo hesabu mbili. Hii ilielezwa tangu 2005, watu wakaisahau, na mu 2019 James Kettle, mtafiti wa usalama, akaonyesha ingali inafanya kazi ku saiti kubwa kubwa. Kuko pia Slowloris ya 2009, ordinateri moja tu inafungua koneksio mingi na kuongea polepole mpaka serveri inachoka kungoja. Dawa ziko, lakini lazima uziweke.

Kufikia watu: wote. Simu gani, wifi gani, script ya mwaka gani, inaelewa 1.1. Na kalamu? Walioiandika walitoka mu vyuo na mu makampuni mbalimbali, Roy Fielding, Tim Berners-Lee na wengine, haikutoka mu nyumba ya kampani moja.

Inamufaa mwenye anajifunza, mwenye saiti ndogo, mwenye vyombo vya zamani, na mawasiliano ya ndani kati ya serveri zako mwenyewe, fasi hakuna rezo mbaya ya kupigana nayo.

HTTP/2

Hii ilizaliwa mu nyumba ya Google. Mu 2009 walitangaza SPDY, wakaijaribu mu Chrome na mu saiti zao, mu 2012 IETF ikauliza nani iko na wazo ya verisio mpya, na SPDY njo ilichukuliwa kuwa musingi. Mei 2015 ikatoka, RFC 7540. Miaka mitatu, kwa kitu yenye dunia nzima itatumia, ni haraka.

Na kuko mtu alisema hivyo kwa sauti. Poul-Henning Kamp, mtu wa Denmark mwenye aliandika Varnish, programu ya kuharakisha saiti, kwa hiyo hakuna mtu anaweza kusema hajui HTTP, aliandika Januari 2015 kwamba kazi ilifanywa mbio mbio, kwamba protokoli imekuwa ngumu kuliko faida yake, kwamba itakula prosesa na umeme zaidi, na kwamba walipoteza nafasi ya kuondoa kuki zenye zinafuatilia watu. Nilisoma yake nikiwa na mashaka, juu kila kitu mpya iko na wazee wa kulalamika. Miaka kumi baadaye, mi naona alikuwa na haki nusu. Kwa kuki na kwa ugumu, ndiyo, haki yote. Kwa kusema haifae, hapana, juu kwa saiti zenye faili mingi ile faida watu waliiona.

Mwendo wake: koneksio moja, maombi yote yanapita ndani pamoja yamekatwa vipande vipande, na vichwa vya maombi vinabanwa na HPACK, ili usirudie kutuma kuki ile ile mara 80. Ku rezo safi, ni raha. Lakini turudi ku ziwa. Chini ya HTTP/2 kuko TCP, ile yenye inasafirisha paketi, na TCP inataka kila kitu ifike kwa mupango, hairuhusu kuruka. Gunia moja ikianguka mu maji, kapiteni anasimamisha bato, na mama wote wanangoja, ata wenye gunia zao ziko salama pale pale mbele ya macho yao, mpaka ile moja ipatikane. Nilifanya jaribio ku ordinateri yangu na `tc netem`, kifaa cha Linux cha kuiga rezo mbaya, nikaweka kuchelewa ya milisekonde 200 na kupoteza paketi kidogo kidogo, alafu nikaongeza ile kupoteza hatua kwa hatua. Mwanzo HTTP/2 ilikuwa mbele, mwisho ile 1.1 na mitumbwi yake sita ikaipita. Usichukue neno yangu, fanya mwenyewe, ni komande moja.

Uzito wake ni wa katikati. Serveri lazima ikumbuke hali ya kila kipande na ile kamusi ya HPACK kwa kila mtu, lakini koneksio zinapunguka, kwa hiyo inalingana.

Kuangalia ndani inakuwa kazi. Ni binary, telnet haikusaidie tena. Uko na `curl -v --http2`, uko na Wireshark, programu ya kutazama paketi, ukitoa funguo za TLS (ule ulinzi wa https), inawezekana, lakini mwanafunzi wa siku ya kwanza haoni kitu. Alafu kuko hii: ile kanuni haikulazimisha TLS, karatasi inaruhusu HTTP/2 wazi, lakini Chrome na Firefox walikataa, wanaongea HTTP/2 paka ndani ya TLS. Ulinzi mi naupenda, na tangu Let's Encrypt ianze kutoa vyeti vya bure mu 2015 hakuna sababu ya bei tena. Naona tu kwamba mu chumba cha kanuni walikubaliana hivi, na mwenye navigateri akaamua vile.

Usalama: Oktoba 2023 dunia ilijua Rapid Reset, CVE-2023-44487. Mwizi anafungua ombi na kuifuta pale pale, anafungua, anafuta, serveri inafanya kazi ya bure bila yeye kungoja jibu. Google walisema walipigwa na maombi milioni 398 kwa sekonde moja, Cloudflare milioni 201. Kosa ilitoka mu ile ufundi wenyewe wa kuchanganya maombi, haikuwa ya programu moja. Wenye walifanya mizajuru walipona. Serveri yako ikiwa haijaguswa tangu mbele ya ile mwezi, acha kusoma hapa uende kuifanyia mizajuru, nitakungoja.

Kitu yenye inaniumiza zaidi ni ahadi zenye zilikufa. Tuliambiwa serveri itasukuma faili mbele navigateri iulize, wakaiita server push, watu walitumia wikendi zao kuiweka sawa, mi pia. Mu 2022 Chrome 106 ikaitoa. Tuliambiwa kuko mti wa kupanga faili gani itangulie, RFC 9113 ikasema hiyo mti iachwe, ikaja njia nyepesi ingine, RFC 9218. Kampani kubwa inaweza kubeba ile hasara. Mtu moja wa Bagira mwenye analipwa kwa saiti, ile wikendi hakuna mwenye atamurudishia.

Kufikia watu: navigateri zote za leo, na yenye haiijui inarudi yenyewe ku 1.1 wakati wa salamu ya TLS, mtu haone kitu.

Inamufaa mwenye saiti ya kawaida, WordPress na picha na script mingi, wasomaji wako ku fibre ao ku 4G yenye inasimama vizuri. Na programu za serveri tayari zinaiweza, Apache tangu 2.4.17, nginx tangu 1.9.5.

HTTP/3

Hapa waliacha TCP kabisa. Jim Roskind wa Google alianza QUIC mu 2012, usafiri mpya wenye HTTP/3 inapandia, inapita ju ya UDP, njia nyepesi yenye haingoje mupango sawa TCP, IETF ikaishika mu 2016, ikaivunja na kuijenga upya, RFC 9000 ikatoka Mei 2021, na HTTP/3 yenyewe Juni 2022. Kwa hiyo hii mara walichukua wakati, na nasema asante kwa hiyo, juu ile ya IETF haifanane tena na ile ya Google ya mwanzo, watu wengi waliweka mukono.

Mwendo. Kwanza salamu. Tuseme serveri yako iko Ulaya na kwenda na kurudi inachukua milisekonde 200. Na TCP pamoja na TLS 1.2, unaenda na kurudi mara tatu mbele ya kuuliza kitu yoyote, 600 zimeshaisha. Na TLS 1.3, mara mbili, 400. Na QUIC mara moja, 200, juu salamu na ulinzi zinaenda mu paketi moja. Na mwenye alishakuja jana anaweza kuuliza pale pale, sifuri. Lakini tazama vizuri ile hesabu: kutoka 600 mpaka 400 ni kazi ya TLS 1.3, na hiyo inafanya kazi ata na HTTP/1.1 na HTTP/2. Nusu ya ile faida unaweza kuipata leo bila kugusa HTTP/3. Nimeona watu wanahangaika na UDP wakati serveri yao ingali ku TLS 1.2.

Pili, gunia. Kila gunia iko na jina, ikianguka moja, mwenyewe tu njo anangoja, wengine wanashusha na kuenda soko. Ku rezo yetu hii njo faida ya kweli. Google walitoa hesabu zao mu 2017: video za YouTube zilisimama kujaza mara chache zaidi, 18% chini ku ordinateri na 15.3% ku simu, na utafutaji ukapunguza kungoja kwa 8% ku ordinateri na 3.6% ku simu. Mwenye anatarajia muujiza asome tena hizo za simu. Ni nzuri, ni za ukweli, si muujiza.

Tatu, kuhama. Koneksio ya QUIC iko na namba yake yenyewe, haifungwe ku adresi ya IP. Unatoka nyumbani Nguba uko ku wifi, unapanda moto, simu inaruka ku data ya simu: na TCP kila kitu inakatika na kuanza upya, na QUIC inaweza kuendelea, sawa mtu mwenye alibadilisha motari katikati ya njia lakini anashika jeton ile ile. Kwa mtu anatuma faili ya mega 20, hiyo si kitu ndogo. Lakini hakikisha serveri yako inakubali kuhama, si zote zinaifanya vizuri.

Uzito ni mubaya kuliko zote, na hapa lazima niseme wazi. TCP iko ndani ya kernel, moyo wa sisteme ya ordinateri, imepigwa pasi miaka mingi, kadi za rezo zinaisaidia. QUIC iko mu programu ya juu, kila paketi inafungwa na kufunguliwa yenyewe. Google wenyewe walisema mwanzo ilikula prosesa mara 3.5 ya TLS na TCP, wakaishusha mpaka kama mara 2. Tangu pale watu wameendelea kuipunguza, lakini kwa serveri yenye inaishi ku umeme ya jua na batri, hiyo hesabu uifanye mbele.

Kuangalia ndani: ngumu kabisa, karibu kila kitu imefungwa, ata vichwa vya usafiri. Ilifanywa kwa kusudi, ili vyombo vya katikati visiguse na visigandishe protokoli sawa vile viligandisha TCP. Lakini wale wa makampuni ya rezo walilalamika kwamba hawataweza kujua rezo inaumwa fasi gani, wakabishana wakabishana, mwisho wakapewa biti moja, spin bit, ya kupima kwenda na kurudi, na hiyo pia si ya lazima. Mi hapo niko na roho mbili. Sitaki mtu wa katikati asome vitu vya wasomaji wangu. Na pia najua fundi wa rezo wa hapa mwenye anatafuta shida kwa kubahatisha sasa.

Na kuko ingine ya ukoo ule ule, yenye ilianza na TLS yenyewe: kache ya pamoja. Zamani shule yenye satelaiti moja ilikuwa inaweka proxy, mwanafunzi wa kwanza anashusha ukurasa, wengine 40 wanaupata ndani. Kila kitu ikifungwa, proxy haione kitu. Mu 2018 Eric Meyer, mtu wa CSS, alirudi kutoka shule ya kijiji mu Uganda akiandika hiyo shida, na mi nilijitambua mule, juu Uganda ni pale. Wakati wa kuandika verisio mpya, wale wanafunzi 40 hawakuwa na kiti mu chumba.

Usalama: TLS 1.3 iko ndani, haitoke. Jihadhari na ile salamu ya sifuri, juu ombi ya kwanza inaweza kunaswa na kurudiwa. Kusoma ukurasa, sawa. Kulipa minervali kwa mobile money, hapana, zima ile salamu ya sifuri (0-RTT) ku ile njia.

Kufikia watu: hapa njo nilipigwa. Niliweka HTTP/3 kwa saiti ya shule moja, ku simu yangu ikaruka, ku ofisi moja ya hapa mjini yenye sitaitaja wakasema saiti yako inachelewa kuliko mbele. Wifi yao ilikuwa inafunga UDP 443, mulango wenye HTTP/3 inapitia, navigateri ilikuwa inajaribu, inangoja, alafu inarudi ku TCP. Kwa siku nyingi navigateri zinajaribu zote mbili pamoja na hauone kitu, lakini ile router yao ilikuwa inaruhusu paketi za mwanzo na kuziua baadaye, na hiyo njo mbaya zaidi. Kumbuka pia mara ya kwanza mtu akikuja, anaingilia ku HTTP/2, serveri inamwambia kwa `Alt-Svc` niko na HTTP/3 pia, njo anahama. Kwa hiyo mgeni wa mara moja haifaidi sana, isipokuwa uweke rekodi ya HTTPS mu DNS (daftari ya majina ya saiti), ile ya RFC 9460.

Vyombo: Caddy inaiwasha yenyewe tangu 2.6, nginx iko nayo tangu 1.25.0 ya Mei 2023, LiteSpeed iko nayo. Apache haiko nayo.

Inamufaa mwenye wasomaji wake wako ku simu, wanatembea, rezo inapoteza paketi, wanarudi kila siku, na serveri iko na nguvu ao iko nyuma ya CDN, serveri za kampani ingine zenye zinakaa mbele ya yako.

Sasa, kwa hali yako

Serveri iko ndani ya jengo, mu shule ao mu hospitali, watu wanaifikia kwa kamba ao wifi ya hapo hapo: baki ku 1.1 ao weka 2, ile 3 hauna cha kupata hapo, kuchelewa ni ndogo na paketi hazipotee sana.

Saiti iko ku hosting ya bei ndogo na hauna mukono ku serveri: angalia kama wanatoa HTTP/2 na TLS 1.3, na kama hapana weka CDN ya bure mbele yake, itaongea HTTP/3 na wasomaji na 1.1 na serveri yako, ule uzito wa prosesa unabaki kwao. Ujue tu kwamba ile CDN inasoma kila kitu yenye inapita, pointi za watoto ndani yake.

Uko na serveri yako mwenyewe, wasomaji wako ku simu mu Kadutu, Bagira, Uvira, Walungu: weka TLS 1.3 kwanza, pima, alafu ongeza HTTP/3, fungua UDP 443 ku fayawoli, na usizime 2 wala 1.1. Anza na `Alt-Svc` yenye `ma` (muda wa kukumbuka) fupi, tuseme sekonde 300, ili ikiharibika navigateri zisahau haraka. Wakati wa matokeo ya exetat, wakati watu wote wanaingia kwa saa moja, angalia prosesa, na ikipanda sana acha kutangaza HTTP/3 ile siku, hakuna mtu atakatwa.

Unajenga API yenye programu za wengine zinaiita, script za zamani, mashine za kupimia maji ao vile vyombo vya GPS: 1.1 isitoke hata siku moja, ongeza 2 kama unatumia gRPC, njia ya programu kuitana yenye inaomba HTTP/2.

Unafundisha vijana: anza na telnet. Wacha waandike GET kwa mukono wao. Ile 2 na 3 waonyeshe baadaye ku navigateri, mu sehemu ya Network, kolona ya protokoli, wataona `http/1.1`, `h2`, `h3`, na wataelewa ni nini imebadilika juu walishaona chini yake.

Na ukurasa wako ukiwa na picha ya prefe ya mega 4, hakuna verisio ya HTTP itakuokoa, punguza ile picha leo jioni.

Yule kijana wa Kadutu, serveri yake ni ya giga moja, iko Ulaya, wazazi wote wako ku simu na wanarudi kila mwisho wa muhula. Alianza na TLS 1.3 na kupunguza picha. Wiki yenye inakuja anajaribu HTTP/3 kwa shule moja tu kati ya tano, ile yenye prefe wake anakubali kumupigia simu kitu ikiharibika.